Kilima cha Mbwa Uani Kwangu

Mimi mbwa ananitia kinyaa, na sitaki mtu aniambie ni kwa sababu sijamzoea. Nimemzoea sana. Aliishi uani kwangu, Pugu, tangu mvua za vuli hadi masika, na kadiri nilivyomzoea ndivyo kinyaa kilivyozidi kupata sababu. Akilowa ananuka gunia bichi. Nyuma ya masikio yake kupe walivimba wakawa kama kunde zilizorowekwa. Ute ulining'inia pembeni mwa mdomo, hauanguki wala haukauki, unangoja sketi ya mtu. Na alikuwa na tabia ya kujilamba mahali ambapo hata kupataja sipataji, kisha anainuka na ulimi uleule kuja kukusalimia.

Aliletwa na mdogo wangu wa mwisho. Sisi ni watu wa kusini, Waislamu, na kwetu mate ya mbwa ni najisi nzito: yakikugusa unajiosha mara saba, na moja kati ya hizo kwa udongo. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa tangu tunatambaa. Sasa huyo mdogo wangu, aliyefundishwa na mama yuleyule aliyenifundisha mimi, alipata kazi ya ulinzi kwenye karakana za mbao Chang'ombe, akaokota kitoto cha mbwa ndani ya rundo la maranda, macho hayajafunguka vizuri, akakilea kwa maziwa ya pakiti aliyokinyonyesha kwa kidole. Kilipokua kikawa jibwa la rangi ya vumbi, sikio moja limesimama, jingine limelala.

Kisha bodaboda ikamgonga mdogo wangu. Mguu wa kulia ukaungwa ovyo ukapona mfupi, na tangu hapo akawa anatembea kama mtu anayeshuka ngazi ambayo wengine hatuioni. Karakana haikumsubiri. Alipotoka hospitali alikuta mlinzi mwingine amekalia kiti chake.

Alikuja kwangu na begi moja. Mimi ni mwalimu wa hesabu, mjane, nyumba yangu ina vyumba vitatu na watoto wameshahama, kwa hiyo nafasi ilikuwepo.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Wewe pita. Hilo nyuma yako linakwenda wapi?"

"Niko naye, dada. Mie na yeye hatuachanagi."

"Hapa hatufugi najisi."

"Basi sie tutakaa hapa nje," akasema, bila hasira wala kubembeleza, akakalia begi lake pembeni mwa geti. Jibwa likaulaza mdomo wake juu ya ule mguu mbovu. Mvua ikaanza. Majirani wakaanza kuchungulia. Nikafungua geti kwa ajili ya majirani.

Alimpa mbwa jina la binadamu, jina la babu wa mtu kabisa, nami sikulitamka hata siku moja. Nilimwita "wewe".

Wiki haikuisha nikakuta sufuria langu la pilau liko motoni, ndani vinachemka vichwa vya samaki, utumbo wa kuku na pumba, povu la kijivu limepanda hadi kwenye mfuniko. Nilishika mlango.

"Nitaliosha, dada. Nitalisugua na majivu."

"Hilo si la kuosha tena. Hilo umeshalirithi."

Kibaya zaidi kilikuwa kwa jirani yangu, mama mwenye duka la nafaka, ambaye kwa miaka mingi tulikuwa tunapelekeana sahani. Mimi nikipika cha maana nampelekea, na yeye sahani hairudi tupu, inarudi na tende au kipande cha mkate wa sinia. Nilimpelekea vitumbua. Sahani ikarudi na vitumbua vyangu vyote juu yake, vimefunikwa kitambaa chake kizuri.

"Mwalimu, nisamehe," alisema. "Nakupenda, lakini vitumbua na manyoya mie siviwezi. Na wahenga walishasema, ukicheza na mbwa utaingia naye msikitini."

Niliona aibu hadi masikio yakapata moto. Vitumbua vile nilivila mwenyewe, vyote, na kila kimoja nilikikagua kwanza dirishani.

Mdogo wangu mwenyewe alikuwa ananiudhi kwa namna nyingine. Alikuwa anapungua. Hakupungua mwili, maana kula alikula, ila alipunguza mambo mengine. Aliacha kwenda kijiweni. Aliacha kunyoa. Aliketi barazani ameunyoosha mguu mbele yake kana kwamba ni mali ya mtu aliyemwachia aitunze, na mtu akipita akamsalimia, aliyemwitikia kwa mkia alikuwa mbwa. Mtu wa miaka arobaini na kitu. Nilipokuwa narudi kutoka kazini nikawakuta wawili wale wamelala upande uleule, wanahema pamoja, nilipitia mlango wa nyuma, na sijui kama kilichonipitisha huko kilikuwa kinyaa au nini.

Ndipo siku moja akaja jikoni amevaa shati. Kampuni moja ya ulinzi, upande wa kule mbele ya Ubungo, ilikuwa inatafuta walinzi wenye mbwa wao. Unakwenda na mbwa wako, mnajaribiwa, mkifaulu mnaajiriwa pamoja. Mbwa atulie akiambiwa atulie, abweke akiambiwa abweke, ashike mkono wa gunia, na mwisho apande kilima cha mbao: ubao mmoja wa kupandia, mwingine wa kushukia, zimekutana juu. Yale mengine yote jibwa lake liliyajua. Kilima lilikuwa halijawahi kukiona. Hata ngazi tatu za baraza langu lilizirukia pembeni.

"Huku kwetu hakuna kilima," alisema. "Nataka kutengeneza hapa uani, dada. Lakini nikikosea vipimo atajifunza kingine, akifika kule aone kigeni."

"Na ukipata hiyo kazi?"

"Kuna chumba cha mlinzi. Sie tunahama."

Nilimtazama. Kama jibwa lisingepanda, kazi asingepata, na asingepata kazi ile asingepata nyingine, maana nani anaajiri mlinzi mwenye mguu mfupi asiye na mbwa? Angezeekea kwenye baraza langu. Nikamwambia alete mbao.

Nisieleweke vibaya. Nilitaka wahame. Damu nzito kuliko maji, ndiyo, lakini hata damu ina siku zake za kukaa.

Kwanza nilihitaji kilima chenyewe kilivyo. Nilimtuma akakipige picha kwa ubavu, akiwa amesimama sawa na katikati yake, asikae mshazari hata kidogo, kwa sababu pembe ukiitazama kwa mshazari inakudanganya. Akaenda, akapiga picha kupitia wavu wa fensi, akarudi akanipa simu. Kioo cha simu kilikuwa na mstari mpana, mkavu, unaong'aa, na sikuhitaji kuuliza ni wa ulimi wa nani. Nilikisugua kwa spiriti hadi vidole vikaniwasha. Kisha nikaweka kipimapembe changu cha plastiki juu ya picha.

Pembe ya juu ilikuwa nyuzi mia moja. Kilima kile ni pembetatu pacha, pande zake mbili ni sawa, kwa hiyo zile nyuzi themanini zilizobaki zinagawanywa nusu kwa nusu: arobaini huku, arobaini kule. Na plaiwudi inauzwa kwa urefu wa futi nane. Basi hapo kila kitu kilishajisema. Kimo futi tano na kidogo, kitako futi kumi na mbili na kidogo. Mdogo wangu akasema, "Ndiyo, kilele kilinifika kidevuni," nami nikafurahi kuliko nilivyotaka.

Lakini huwezi kumsimamishia mbwa aliyeogopa ngazi kilima cha futi tano ukamwambia panda. Unamlazia kilima kwanza, halafu unakiinua kidogokidogo bila yeye kujua. Nikachora kwa chaki kwenye sementi ya baraza. Juu, mahali mbao zinapokutana, tunatia bawaba. Chini, tunaunga miguu miwili kwa mnyororo. Ukiukaza mnyororo miguu inakaribiana, kilele kinapanda. Ukiulegeza, kilima kinalala.

"Kwa hiyo kila siku navuta kidogo," akasema.

"Hapana. Kidogo cha leo si kidogo cha kesho. Sikiliza."

Nikamweleza kama ninavyowaeleza wanafunzi wangu, ambao hukariri jambo hilihili mwaka mzima bila kuliona. Upande wa futi nane haubadiliki. Chukua nusu ya kitako, zidisha kwa yenyewe, toa kwenye sitini na nne, kinachobaki ndicho kimo kilichozidishwa kwa chenyewe. Kilima kikiwa kimelala chali, kitako ni futi kumi na sita. Vuta nusu futi tu, kilele kinaruka hadi karibu futi mbili. Lakini kikishasimama futi nne, ukitaka kukiongeza futi moja nyingine tu, lazima uvute zaidi ya futi nzima.

Aliitikia kwa kichwa, kwa adabu. Kesho yake, nikiwa kazini, akavuta nusu futi kwa sababu aliona nusu futi si kitu. Mbwa alikuwa ameweka miguu ya mbele juu ya ubao. Kilele kikamnyanyukia usoni. Akaruka nyuma, akakimbilia barazani, akajikojolea juu ya mkeka wangu wa ukindu niliouanika.

"Nusu futi tu, dada," alisema niliporudi, ameshika ndoo.

"Nilikwambia nini?"

"Nilidhani ni hesabu za shuleni."

Nikachukua rangi ya kucha, nyekundu, nikakaa chini na mnyororo mapajani na kuutia alama mwenyewe. Mwanzoni alama zilibanana, zikaenda zikiachana, na ya mwisho ilikuwa mbali peke yake. Kila alama ilikuwa na maana ya kimo kilekile kuongezeka. Mdogo wangu alizitazama muda mrefu, kisha akasema, "Mbona zimekaa vibaya?" Nikamwambia zimekaa sawa, kilichokaa vibaya ni kichwa chake.

Kilichonishinda zaidi ni kumpima mbwa mwenyewe. Kwenye ubao ilibidi tupigilie vipande vyembamba vya mbao ili apate pa kukanyaga, na nafasi kati yao ilitakiwa ilingane na hatua yake. Nikamwambia mdogo wangu ampitishe dimbwini kisha kwenye sementi, ili nipime nyayo badala ya kumgusa. Nyayo zilitoka safi, za matope na za kitu ambacho hakikuwa matope. Nikapima huku nimeziba pua kwa ncha ya mtandio. Lakini kimo cha kifua kilihitaji futi kamba isimamishwe pembeni yake, na nilipoinama tu akageuza shingo akanilamba kuanzia kiganja hadi kwenye kiwiko, polepole, kama mtu anayefunga bahasha. Niliosha mara saba. Kisha nikaanza upya, kwa sababu sikukumbuka kama ile ya udongo niliihesabu.

Alama za kwanza zilikwenda vizuri. Jibwa lilipanda kilima cha futi moja kama linavuka kizingiti, likapanda cha mbili, cha tatu. Mdogo wangu alisimama upande wa kushukia na kuliita, na kila liliposhuka alilipa kipande cha kongoro alichokiweka mfukoni mwa suruali. Mfuko ule nilikuja kuukata na kuutupa. Lakini alianza kunyoa ndevu. Alianza kuitikia salamu za watu.

Halafu masika yakashika, na mchwa wakaja. Mchwa wa Pugu hawana simile. Asubuhi moja tulikuta wameshajenga vijia vyao vya udongo kwenye miguu ya kilima, na ukigonga plaiwudi inajibu kwa sauti tupu. Sasa mtu yeyote aliyejenga huku anajua la kufanya. Unakwenda gereji, unaomba oili chafu, ile nyeusi iliyomwagwa kutoka kwenye injini, unapaka kila mbao: kenchi za paa, fremu za milango, hadi miguu ya kitanda. Hakuna anayeuliza kwa nini. Nyumba yangu yote imepakwa. Nikamtuma akaleta dumu, nikamwambia asibakize hata inchi moja, naye hakubakiza. Tukaacha zikanyonya, tukaacha jua la kati ya mvua na mvua likazikausha. Kwa macho zilikuwa zimekauka.

Tatizo ni kwamba kenchi haipandwi na mbwa.

Tulikaza hadi alama ya futi nne. Jibwa likaja kwa mbio, likapanda, likakaribia kilele, kisha miguu yote ikateleza kwa pamoja. Lilishuka kinyumenyume kwa tumbo, kucha zinakwaruza, likidundadunda juu ya kila kipande tulichokipigilia kwa vipimo vyangu, na sauti lililotoa haikuwa ya kubweka. Nilikuwa nimekokotoa pembe, kimo, kitako na hatua. Msuguano sikuukumbuka. Mwalimu mzima.

Halikuvunjika, lakini tumbo na nyayo zilikuwa nyeusi tititi, na kabla hatujalishika likaanza kujilamba. Baada ya dakika chache likatapika barazani: kongoro, pumba na uzi mweusi wa oili.

"Dada, akiimeza hii atakufa," mdogo wangu akasema. Alijaribu kupiga magoti. Mguu haukukunjika. Akajaribu kuketi na kuunyoosha pembeni, mikono haikufika. Akaniangalia.

Wanasema mtaka cha uvunguni sharti ainame. Mimi hata hicho cha uvunguni nilikuwa sikitaki. Niliinama. Nilikunja mikono ya gauni, nikachukua sabuni ya vyombo na beseni, nikaliosha jibwa lile kati ya kidole na kidole, mahali palipojaa uchafu wa miaka, laini, wa joto. Niliosha tumbo na matiti yale madogo yasiyo na kazi. Kisha nikazungusha kitambaa kidoleni, nikamwingiza mkono mdomoni kupangusa ufizi na ulimi na yale makunyanzi meusi ya mashavu, na pumzi yake ikanipiga usoni, pumzi ya jalala lenye joto. Akatapika tena, safari hii juu ya khanga yangu, kwenye mapaja. Nililia. Si kwa huruma, nililia kwa kinyaa, machozi kabisa, na sikuwa na mkono safi wa kuyafuta.

Mdogo wangu alikuwa amekishika kile kichwa, anasema nacho. "Tulia. Vumilia kidogo. Dada anajua, dada anajua."

Lilipona. Ila kilima likakisusa. Tulikwangua mbao zote, tukazisugua kwa sabuni na mchanga, tukapaka rangi niliyoichanganya na mchanga ili ikwaruze, na nilipopitisha kiganja changu kiliniuma, nikajua sasa hapa hata mlevi hatelezi. Haikusaidia. Likiletwa karibu linalala chini, mkia tumboni, linakuwa zito kama mfuko wa saruji. Siku ya majaribio ilikuwa inakaribia. Mdogo wangu akarudi kuketi barazani. Ndevu zikaanza kuota.

Basi nikaenda kwa muuza samaki wa kukaanga nikaomba utumbo wa jana. Alinitazama, kisha akanifungia kwenye mfuko wa nailoni. Nilirudi nao nimeuning'iniza mbali na mwili, nzi wananisindikiza. Mdogo wangu hakuweza kupanda, kwa hiyo nilipanda mimi, mwalimu, mjane, kwa magoti na viganja juu ya mchanga niliouchanganya mwenyewe, nikaupaka utumbo ule kwenye kilele kwa mikono yangu, nikiukanda uingie kwenye bawaba. Jirani yangu alipita njiani, akavuta khanga akaziba pua, akaongeza mwendo. Sikumlaumu.

Muda wa kidogokidogo ulikuwa umekwisha, tukakaza mnyororo hadi alama ya mwisho. Jibwa likainua pua. Likazunguka. Likaweka mguu mmoja, likautoa. Kisha ulafi ukalishinda, likapanda futi tano zote bila kuteleza hata ukucha, likasimama juu likilamba bawaba zangu kwa sauti chafu kabisa, likamaliza, likatazama upande wa pili, likashuka.

Mdogo wangu alipiga ukelele. Alikizunguka kilima kile mbio, ile mbio yake ya kupandisha na kushusha, na tangu ajali ilikuwa sijamwona akikimbia. Nami nilifurahi. Nasema wazi, nilifurahi huku ninanuka.

Siku ya majaribio alitaka twende wote, nimpe moyo. Dereva mmoja wa bajaji alikubali kumbeba mbwa kwa sharti tukae naye chini ya miguu yetu. Getini tulipokelewa na msimamizi, kijana mnene mwenye kijiti cha meno mdomoni, asiyejua kumwamkia mtu mzima. Alimtazama mdogo wangu akitembea kutoka kwenye bajaji hadi getini. Aliutazama ule mguu, mwendo mzima. Kisha akamtazama mbwa.

"Haya," akasema, "tuone."

Mbwa alitulia, akabweka, akashika gunia. Walipofika kwenye kilima nilisahau kuhema. Lakini kilima chao kilikuwa changu: nyuzi zilezile, kimo kilekile. Alikipanda kama anaingia nyumbani, akashuka, akaketi kwenye kisigino cha mdogo wangu.

Msimamizi akachuchumaa, akalifunua domo la mbwa kwa vidole viwili, akatazama meno, akaingiza kidole hadi nyuma kabisa. Alipokitoa kilikuwa kinatiririka. Akasimama, akakipangusa begani kwa mdogo wangu, kwenye lile shati, mbele na nyuma, akiwa anaongea na mtu mwingine. Mdogo wangu hakusogea. Mimi niliyetiwa ute ule mkononi, mdomoni mwa mbwa, mapajani, sijawahi kusikia kichefuchefu kama nilichokisikia pale.

"Braza, mbwa yuko fiti. Tunamchukua."

"Asante, bosi. Tunaanza lini?"

"Mbwa anaanza leo. Wewe sasa, mguu huo... mwizi akiruka ukuta utamfukuzaje?"

"Anayefukuza ni yeye. Mie namwamuru tu."

"Wa kumwamuru tunao."

"Mguu huo uliuona getini," nikasema. "Kabla hajafungua mdomo."

"Mama, sie tulitaka kwanza kuona mbwa." Akakihamisha kijiti upande wa pili wa mdomo.

Nikamwambia mdogo wangu tuondoke. Hakuondoka. Aliuliza hapo mbwa wanakulaga nini. Wakamwambia nyama, kila siku, na daktari wa mifugo anakuja, na banda lina paa la bati na sakafu. Alikwenda kulitazama banda, akaigusa sakafu. Walipomuuliza anataka kiasi gani alikataa hela. "Nikipokea nitakuwa nimemuuza," akasema, na msimamizi akacheka. Akaomba awe anakuja kumwona Jumapili. Msimamizi akasema hapana, ukija utamchanganya.

Kisha ikaonekana mbwa hamsikilizi mlinzi mpya. Ikabidi mdogo wangu abaki kumfundisha yule mtu maneno yake: sauti ya kutulia, sauti ya kuita, mahali pa kukuna sikio lililolala. Alifundisha kwa uvumilivu, kwa bidii, mchana wote, kama mtu anayelipwa. Mimi niliketi kwenye benchi nikamchukia. Nilimchukia msimamizi na kijiti chake, lakini mdogo wangu ndiye niliyemchukia zaidi, kwa ule upole.

Mwisho alimsimamisha mlinzi mpya upande wa kushukia wa kilima, yeye akabaki upande wa kupandia. Akamwambia mbwa, "Panda." Mbwa akapanda. Alipovuka kilele na kuanza kushuka, mdogo wangu aligeuka akaelekea getini kwa mwendo wake wa haraka kadiri mguu ulivyomruhusu. Futi tano na kidogo zilitosha kumficha. Alipofika kwangu alinishika mkono tukatoka, na kelele za mbwa tulizisikia hadi tulipovuka barabara.

Nyumbani nilipika wali na maharage. Alikula vizuri. Hakulia, hakununa. Alipomaliza alinawa, akafuta mikono, akaniangalia na uso uliotulia kabisa.

"Angalau mmoja wetu kapata kazi, dada," akasema.

Nilichukua sahani yake nikamwongezea wali ambao hakuuomba, naye akaula wote.